TAMKO LA TAWI: TUSIFUNGE YADI, TUKATAE SHABA ILIYOCHOMWA



Kwa wiki mbili sasa kundi letu limejaa picha za moshi mweusi unaopanda jioni kutoka korongoni, na maneno makali juu ya vijana wanaochoma nyaya. Wapo waliopendekeza yadi zote za vyuma chakavu Olasiti zifungwe. Yupo aliyeandika kwamba kijana atakayekutwa na kiroba cha waya "ashughulikiwe" kabla polisi hawajafika. Kamati ya Tawi imekaa, imesoma yote, na huu ndio msimamo wetu.

Hilo la kushughulikiwa tulimalize kwanza: hapana. Hakuna mwanachama wa tawi hili atakayenyoosha mkono kwa mtoto wa mwenzake kwa sababu ya waya. Mwenye ushahidi aupeleke kituoni.

Sasa shaba yenyewe. Wengi wetu tunaiona kama uchafu wa ujenzi, na hapo ndipo tunapokosea hesabu. Mei 2024 tani moja ya shaba ilivuka dola 10,000 kwenye soko la dunia, yaani kilo moja ni zaidi ya dola kumi. Kijana wa guta hapati bei hiyo, lakini ndiyo inayomwamsha alfajiri. Roli moja ya mita 100 ya waya wa 2.5, huu wa soketi, ina shaba ya kilo mbili na robo hivi. Nyumba ikibomolewa au ikisukwa umeme upya, fundi anabaki na vipande, kijana wa guta anavinunua, yadi inapima, kiwanda kinayeyusha, na shaba inarudi kazini upya bila kupungua ubora. Ni biashara halali. Kwa namna Olasiti inavyojengwa, itakua zaidi, na vijana wetu wengi wanakula kwa hiyo.

Lakini ipo shaba ambayo haikutoka kwenye nyumba ya mtu. Enzi za simu za mezani, kila nyumba yenye simu ilivutiwa jozi yake ya nyaya. Kebo ya jozi 100 yenye nyaya za nusu milimita ina shaba ya gramu 350 hivi kwa kila mita, kwa hiyo mita kumi tu ni kilo tatu na nusu. Leo mawasiliano yamehamia kwenye faiba. TTCL ndiyo inayosimamia Mkongo wa Taifa, na faiba inavutwa mpaka milangoni. Ndiyo maana tunasikia hoja vijiweni: kebo ile ya zamani imelala tu ardhini, mtu akiitoa kuna ubaya gani?

Ubaya upo. Mali ya umma ikilala bado ni ya umma, na kuitoa ni kazi ya mwenyewe, mchana, kwa barua. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inalinda miundombinu hiyo, na kesi za namna hii zinaweza kufika kwenye uhujumu uchumi. Isitoshe, anayechimba usiku hachagui kebo. Faiba ni nyuzi za kioo. Akiikata anakuta hakuna cha kuuza, anaitupa pale pale, na asubuhi yake mtaa mzima hauna mtandao.

Na mbaya kuliko hiyo ni waya wa ardhi wa transfoma. Ukikatwa ule, halafu nyutro ikapata hitilafu, nyumba iliyozoea volti 230 inaweza kupokea karibu 400. Friji inaungua, televisheni inaungua, na kinga ya mtu anayegusa chombo cha chuma inapungua. Kwa shaba isiyojaza hata ndoo.

Hapo ndipo wenzetu wanaposema: basi tufunge yadi zote. Majirani zetu walilijaribu hilo. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kukaa gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Kenya nzima. Walioumia kwanza ni waokotaji na wenye mikokoteni. Kufikia Mei marufuku iliondolewa, yakaja masharti ya leseni na udhibiti. Sisi tunaona tuanze na masharti.

Tujiulize kwa nini nyaya zinachomwa. Kumenya kwa kisu kunachosha, sawa, hasa waya mwembamba wa simu. Lakini shaba iliyomenywa inabaki kung'aa na ina daraja la juu, wakati iliyochomwa inakuwa nyeusi na inashuka bei. Mtu anakubali hasara hiyo ya nini? Haraka, ndiyo. Ipo na sababu ya pili: ganda la waya lina maandishi. Lina jina la kiwanda, ukubwa, na mara nyingine jina la shirika lenye kebo. Moto unafuta maandishi. Shaba iliyochomwa haina ushahidi wa ilikotoka, na wanunuzi wanalijua hilo vizuri sana.

Moshi wake nao tuuseme. Ganda ni plastiki yenye klorini, na likichomwa kwenye moto wa wazi linatoa tindikali na dioksini. Kebo za zamani nyingine zina risasi. Watoto wetu wanapita korongoni wakitoka shule.

Kwa hiyo Tawi linataka jambo moja lifanyike mizanini: yadi isinunue shaba iliyochomwa. Shaba ije na ganda lake, au ije imemenywa safi pamoja na kikaratasi cha fundi au mwenye nyumba, na jina la muuzaji liandikwe daftarini. Kebo ya simu na waya wa ardhi visipokelewe bila barua ya shirika husika. Kikaratasi hicho kinamlinda kijana mwenyewe, maana Kanuni ya Adhabu ina kosa la kukutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi, na anayetakiwa kujieleza ni yeye, siyo aliyemtuma.

Tunajua baadhi yenu mna yadi. Hatuna ugomvi nanyi. Mfanyabiashara wa vyuma chakavu anatakiwa kuwa na kibali cha NEMC; mwenye nacho akibandike ukutani, asiye nacho aanze kukifuatilia sasa. Mmetuambia pia kwamba mkikataa ninyi, mzigo utahamia Mbauda au Kwa Mrombo. Ni kweli. Ndiyo sababu tunamwomba Diwani alipeleke suala hili Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha jijini, ili sharti liwe moja kwa Arusha yote.

Mafundi umeme wa tawi, anzeni wiki hii kuandika vikaratasi kila mnapouza mabaki. Wenye yadi, tukutane Jumapili saa 10 jioni ofisi ya tawi, mje na madaftari yenu.

Imetolewa na Kamati ya Tawi,
Olasiti, Arusha.