Presha ya Isiolo haiishii kwenye mashine

Mashine ya presha ikishavuma na kutoa nambari zake mbili, muuguzi huziandika kadini na mgonjwa hupewa tarehe ya kurudi. Hapo ndipo ujuzi wetu kumhusu mgonjwa huyo unapokomea. Fomu za mwezi zinazotoka zahanati za Isiolo kwenda Wizara ya Afya huhesabu waliokuja na ugonjwa gani. Hazisemi ugonjwa wenyewe umewapokonya nini. Chukua mfano wa mama mwenye kisukari anayeuza maziwa ya ngamia mjini Isiolo. Sukari ikizidi mwilini miaka mingi huharibu neva za miguu, nyayo zikafa ganzi au zikawaka moto usiku kucha. Siku ya kliniki kipimo chake kinaweza kuwa kizuri kabisa, kadi ikasema anaendelea vyema, ilhali aliacha zamani kwenda stejini asubuhi kupokea mitungi inayoshushwa kutoka vijijini na kuipakia basi la Nairobi, ipelekwe Eastleigh. Anayesimama pale sasa ni binti yake, saa ambazo wenzake wako darasani. Kwenye takwimu za kaunti, mama huyo ni ushindi.

Hasara ya namna hiyo hupimika. Kundi la watafiti la EuroQol, lililoanzishwa mwaka 1987, lilitunga maswali matano tu: unatembeaje, unajihudumia vipi kwa kuoga na kuvaa, shughuli zako za kawaida zinakwendaje, una maumivu kiasi gani, na una wasiwasi au huzuni kiasi gani. Kisha mgonjwa huonyeshwa mstari uliosimama kama kipimajoto, 0 hadi 100, aonyeshe afya yake iko wapi leo. Jambo hili si geni kwetu. Dodoso refu zaidi, lenye maswali 36, lilitafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Dar es Salaam, matokeo yakachapishwa 1999. Ethiopia na Uganda nazo zimeshawauliza raia wao jinsi wanavyolinganisha uzito wa hali hizo, maana maumivu makali na kushindwa kutembea havimlemei kila mtu sawasawa.

Atakayepinga atasema vipimo hivi ni vya kigeni, na ana haki. Dodoso hilo la maswali 36, katika asili yake ya Kimarekani, humuuliza mtu kama anaweza kucheza gofu au kusukuma mashine ya kufyonza vumbi. Muulize hivyo mzee wa Merti uone atakavyokutazama. Hata neno “shughuli za kawaida” lina mitego: kwa anayehama na mifugo ni kutwa nzima nyuma ya ng’ombe na kuwanywesha kisimani, kwa mwenye duka Bulapesa ni kuketi na kuhesabu chenji. Lakini dawa ya swali baya ni swali bora, lililoandaliwa na wenyeji wenyewe kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru, si kunyamaza. Ugumu halisi, kwa maoni yangu, uko kwingine. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, hata wazima walichoka, wakalala njaa na kujawa na wasiwasi. Ukimpima mwenye presha peke yake wakati kama ule, utaibebesha presha mzigo wa ukame. Ni lazima alinganishwe na jirani wa rika lake asiye na ugonjwa, katika msimu ule ule. Tofauti kati yao ndiyo iliyoletwa na ugonjwa.

Wapo pia wasemao kwamba hisia hazipimiki, kwa kuwa mtu huzoea. Ni kweli, huzoea sana. Mchungaji aliyekaa nyumbani miaka mitatu kwa sababu ya kifua atajibu kwamba kutembea hakumsumbui, kwa vile siku hizi hatembei zaidi ya mlango wa jirani. Kwa hiyo ningeongeza swali la sita: kazi gani ilikuwa yako, na sasa inafanywa na nani? Jibu lake linaweza kuhakikiwa bomani, na mara nyingi litamtaja mtoto.

Pingamizi zito kuliko yote ni la uhaba. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Basi tupime kwanza, maswali baadaye. Ningekubali kama mambo hayo mawili yangegombea mtu mmoja na saa moja. Lakini tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya wa jamii wamepewa simu na mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari, na kuingia nyumbani kwa watu ndiyo kazi yao. Maswali sita ni dakika chache kabla ya kuaga. Isiolo yenyewe ilikuwa miongoni mwa kaunti nne zilizojaribu mpango wa afya kwa wote kuanzia Desemba 2018, kwa sehemu kwa sababu wakazi wake wengi ni wafugaji wa kuhamahama. Kaunti iliyoteuliwa kwa ajili ya jinsi watu wake wanavyoishi ingefaa iwe ya kwanza kuuliza wanavyoishi na maradhi. Na si udadisi mtupu. Amitriptilini, kidonge kinachotuliza maumivu ya neva, ni ya bei nafuu na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Kenya. Ila dawa huagizwa kwa mahitaji yaliyoandikwa, na kadi ya yule mama wa maziwa ina nambari ya sukari tu.