Likong'o haihitaji kaburi la hewa ukaa

Equinor na Shell, kampuni zilizo mstari wa mbele katika mazungumzo ya kujenga kiwanda cha kusindika gesi asilia pale Likong'o, Lindi, ni wazoefu wa kuzika hewa ukaa chini ya ardhi. Equinor, enzi hizo ikiitwa Statoil, ilianza mwaka 1996 huko Sleipner, Bahari ya Kaskazini. Shell ikafuata nchini Kanada mwaka 2015. Ndiyo maana wapo wanaosema Lindi nayo ishikilie teknolojia hiyo iandikwe kwenye mkataba. Nia yao ni njema, lakini wanaagiza dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Gesi ya Sleipner hutoka chini ikiwa na hewa ukaa ipatayo asilimia 9. Mnunuzi haitaki hivyo, kwa hiyo lazima itenganishwe; na kwa kuwa Norway ilianza kutoza kodi ya hewa hiyo mwaka 1991, kuizika kukawa nafuu kuliko kuiachia angani. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, ni methani kwa takriban asilimia 97, na ile ya bahari kuu, itakayosindikwa Likong'o, nayo ni kavu, yenye hewa ukaa kidogo. Cha kutenganisha ni kichache. Moshi wa Likong'o utatoka kwingine: kwenye mitambo ya kupoza gesi hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ambayo kwa kawaida huendeshwa kwa kuchoma sehemu ya gesi hiyohiyo. Ndani ya moshi wa namna hiyo hewa ukaa haizidi sana asilimia 4. Kuinasa kunataka minara ya kemikali na joto jingi, na joto hilo nalo hutafutiwa nishati. Tena, chini ya mikataba yetu ya ugawanaji mapato, mwekezaji hurudishiwa gharama zake kwanza, ndipo mgawo ufuate. Mnara wa kemikali ukihesabiwa humo, sehemu ya bili itakuwa yetu.

Dawa iliyo karibu ni umeme. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, liko Rufiji, kaskazini ya Kilwa. Norway yenyewe inatufundisha hapa: kiwanda cha gesi cha Snøhvit kimekuwa kikizika hewa ukaa tangu 2008, lakini mwaka 2023 serikali iliridhia mitambo yake ya gesi ibadilishwe kwa umeme wa gridi, kwa sababu kuzika hakukugusa moshi wa mitambo. Utaniambia umeme wetu haujatulia, na kwamba Lindi na Mtwara zilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Ni kweli, na ukame nao haupigi hodi. Basi ijengwe njia kubwa ya umeme, na mitambo michache ya gesi ibaki kuwa akiba. Njia hiyo itawafaa pia watu wa Somanga na Kilwa Masoko, na fedha za umeme zitaingia TANESCO.

Ipo hoja nzito zaidi: visima vya Songo Songo vikiisha gesi, kwa nini tusivikodishe kuhifadhi hewa ukaa ya wengine? Kitaalamu inawezekana. Lakini huko In Salah, Algeria, uzikaji ulioanza 2004 ulisimamishwa 2011, baada ya kuzikwa karibu tani milioni 4, kwa wasiwasi juu ya mwamba unaofunika hifadhi. Hewa iliyozikwa hudai kufuatiliwa kwa miongo kadhaa, muda ambao mkodishaji anaweza kuwa ameshaondoka, na wavuvi wa Songo Songo bado wapo. Bila sheria inayosema nani atabeba dhamana wakati huo, ofa yoyote ya namna hiyo ikataliwe.

Wanaojadili mkataba kwa niaba yetu waweke sharti la umeme mezani sasa, michoro ya kiwanda ikiwa bado inabadilika. Mitambo ikishafungwa, kuibadilisha ni gharama nyingine, nayo itatafuta wa kuilipa.