Hojaji, Kioo cha Simu na Neno la Mbeere

Imezuka katika vyuo vyetu vikuu kasumba ya kudhani kwamba vituo vya utafiti wa jamii, pamoja na vile vipya vinavyochunguza uhusiano wa binadamu na kompyuta, havina haja na mhakiki wa fasihi. Mhakiki, husemwa, na abaki na ngano zake. Makala haya yananuia kulipinga dai hilo waziwazi, kwa mifano ya Meru na Embu.

Tuanze na historia, maana waliozuka jana hujifanya hawana babu. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1965, ilikuwa na kitengo cha sayansi ya jamii na kitengo cha utamaduni. Mwaka 1970 kitengo cha utamaduni kikajitenga na kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiafrika. Talaka ile ilionekana kuwa ya heri, kwa kuwa kila upande ulipata nyumba yake. Lakini ndiyo iliyohalalisha mgawanyo tunaoulalamikia: maendeleo yakafuatana na takwimu, utamaduni ukaachiwa ngoma na vibuyu.

Matokeo yalionekana Mbeere. Eneo hilo, wakati huo likiwa sehemu ya wilaya ya Embu, lilikuwa mojawapo ya maeneo sita ya Mpango Maalumu wa Maendeleo ya Mashambani, pamoja na Tetu, Vihiga, Migori, Kwale na Kapenguria. Taasisi iliutathmini mpango huo mwaka 1972 na tena mwaka 1975. Hatusemi kazi ile ilikuwa bure. Robert Chambers, aliyekuwa miongoni mwa watafiti wake, alikuja mwaka 1983 kuwasuta kwa kitabu kizima wasomi waendao mashambani wakati wa kiangazi, wasioacha barabara ya lami na wanaozungumza na wanaume peke yao. Hata hivyo, katika maandishi ya mpango huo jina lenyewe la mahali huandikwa “Mbere”, irabu moja ikiwa imedondoka njiani. Mchumi ataliona hilo kuwa dogo. Mwanaisimu ajuaye kwamba urefu wa irabu katika lugha hizi hubadili maana hataliona dogo hata kidogo.

Miaka ileile H. S. K. Mwaniki alikuwa akikusanya masimulizi ya wazee, yakachapishwa kama *Embu Historical Texts* mwaka 1974. Na mwaka 1997 Ciarunji Chesaina akatoa *Oral Literature of the Embu and Mbeere*. Wazee ni walewale, vijiji ni vilevile. Ila upande mmoja mzee huitwa mtoa habari, upande wa pili huitwa fanani. Fanani hufasiriwa, mtoa habari huhesabiwa tu.

Tuchukue mfano mzito zaidi. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, kwa msukumo wa maafisa wa kikoloni, ilipiga marufuku tohara ya wasichana Meru. Wasichana wengi wakakaidi na kukatana wao kwa wao, nao wakaitwa Ngaitana, yaani “nitajitahiri mwenyewe”. Hatuitetei tohara hiyo; sheria ya mwaka 2011 imeiharamisha, na ni haki. Lakini litazameni neno lenyewe: nafsi ya kwanza, wakati ujao, mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Ndani yake mna ukaidi dhidi ya mkoloni, dhidi ya wazee, na huenda hata dhidi ya mama. Hojaji ingeuliza “Umetahiriwa? Ndiyo au la”, na neno hilo lingepotelea katika mraba wa “ndiyo”. Mwanahistoria Lynn Thomas alilisikia, akalifanya kuwa jina la makala yake ya mwaka 1996. Alisoma kama mhakiki, ndiyo sababu alifika mbali.

Sasa tuigeukie kompyuta (au tarakilishi, au ngamizi, wapenzi wa istilahi na waendelee kugombana). Mkutano wa kwanza wa Afrika wa wataalamu wa fani hii ulifanyika Nairobi mwezi wa Novemba 2016, na ni jambo la kujivunia. Fani hiyo humwita mwanadamu “mtumiaji”, kana kwamba aliumbwa kwa ajili ya kile kifaa. M-Pesa ilipoingia mwaka 2007, ilileta matini fupi kuliko utenzi wowote: tuma, toa, lipa. “Kutoa”, kwa muumini wa Nkubu au Runyenjes, ni kumpa Mungu sadaka. Kwa wakala ni kuchukua chako. Nyanya asiyejua kusoma humpa mjukuu simu, na pamoja na simu humpa namba ya siri. Mtaalamu wa usalama huona uzembe. Msomaji wa fasihi huona swali la kale kabisa: nani anasema kwa niaba ya nani, na kwa idhini gani?

Watatujibu kwamba mashine hazijali ushairi. La, mashine za leo hulishwa lugha, nasi tunaona nani anapewa sahani. Hazina ya Kencorpus, iliyokusanywa na wasomi wa vyuo vyetu wenyewe, imehifadhi Kiswahili, Kidholuo na lahaja tatu za Kiluhya. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini Kiembu, Kimbeere na Kitharaka havimo, na zamu yao ikifika kuna hatari ya kuzoa sauti bila muktadha: kitendawili kikaingizwa kama swali, kejeli kama taarifa. Aidha “Kimeru” kitachukuliwa kuwa lugha moja, ilhali Muimenti na Mtharaka wanajua tofauti zao.

Lawama nyingine ni yetu sisi wa idara za fasihi. Tumeshughulikia nadharia za Paris hadi tukasahau Nchiru. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati mwaka 2013, kipo Nchiru, makao ya Njuri Ncheke. Chuo Kikuu cha Embu kilipata yake mwaka 2016. Tunadai kwamba hojaji yoyote na programu yoyote ya kompyuta itakayopelekwa kwa watu wa huko isomwe kwanza na mhakiki ajuaye lugha yao, naye alipwe na kutajwa kama mtafiti, wala si kama mkalimani.