Usiogope, Hang'ati

Nimeisikia sentensi hii Goba, Tabata, Sinza na Mbezi Beach, kwa wenye majumba na kwa waliopanga chumba na sebule: "Usiogope, hang'ati." Husemwa wakati mbwa keshafika. Mgeni amekwama katikati ya geti na kibaraza, mkoba kaukumbatia kifuani, koo limemkauka, na mwenyeji yuko mlangoni anacheka. Hamwiti mbwa wala hamshiki. Anamsahihisha mgeni.

Mimi nina mbwa. Nalisema mapema ili nisidhaniwe nawasemea wasiopenda wanyama. Anaitwa Jeki, ni mbwa koko wa rangi ya mchanga, ana miaka minne, na nampenda kwa namna ambayo bibi yangu angeiona ni dalili ya ugonjwa. Ninachodai ni kwamba mgeni anayeogopa mbwa hana deni lolote kwako wewe mwenye mbwa. Kazi yote ni yako, na inaanza kabla geti halijafunguliwa. Hiyo "usiogope, hang'ati" ni njia ya kuikwepa kazi hiyo na kumbebesha mgeni.

Hebu tuitazame. "Hang'ati" maana yake ni "hajawahi kung'ata nikiwepo." Huo ni ushahidi wa mtu anayemlisha mbwa mwenyewe. Kila mbwa aliyewahi kumng'ata mtu kwa mara ya kwanza alikuwa, mpaka dakika ile, mbwa asiyeng'ata. Na hata kama ni kweli, mgeni atajuaje? Anachokiona ni meno na kasi. Isitoshe, ukutani nje ya geti hilohilo mara nyingi pameandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA MKALI. Mgeni amelisoma tangazo lako, amekuamini, halafu unamwona mjinga kwa kukuamini. Chagua moja, ndugu yangu.

"Usiogope" ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inajifanya ni huruma. Hakuna mtu aliyewahi kuacha kuogopa kwa kuamriwa. Na wanaoitamka huwa wanadhani woga wa mbwa ni ushamba, kitu ambacho mtu angekiacha stendi ya mabasi kama angekuwa ameelimika vya kutosha. Hapo ndipo ninapotaka kugombana nao.

Mama yangu mdogo ana kovu kwenye shavu la mguu wa kushoto. Aling'atwa akiwa msichana, huko Kilosa, na mbwa ambaye hakuna aliyejua ni wa nani. Alichomwa sindano za tumboni, siku baada ya siku, na mpaka leo akizitaja mkono wake hushuka wenyewe kushika tumbo. Sindano siku hizi huchomwa begani, na hazifiki idadi ile. Ugonjwa wenyewe haujabadilika. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na karibu vifo vyote vya binadamu kwa ugonjwa huo huanza na mbwa. Dalili zikishatokea, hakuna tiba ya kutegemea. Kwa hiyo mtoto aliyekulia mahali ambapo mbwa hawachanjwi, akafundishwa kusimama mbali na mbwa asiyemjua, hakufundishwa ushamba. Alifundishwa kubaki hai.

Linganisha na zile video fupi tunazotumiana usiku kucha, za watoto wa Uingereza wanaojitupa shingoni kwa mbwa wa jirani. Uingereza ilimaliza kichaa cha mbwa kwa mbwa wake mwaka 1922. Raha ile unayoiona kwenye simu imejengwa juu ya karne nzima ya kutokuwa na ugonjwa. Sisi tumeichukua raha, tumeiacha karne, kisha tunamcheka mama mdogo.

Wasomi wenzangu wana hoja yao, na nimeisikia mara nyingi kiasi cha kuikariri: woga hutibiwa kwa kukutana na kinachoogopwa, kwa hiyo ukimfungia mbwa unamdekeza mgeni. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Mwaka 1989 mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, alieleza tiba ya woga wa aina hii inayofanyika katika kikao kimoja kisichozidi saa tatu, na imetumiwa kwa watu wanaoogopa mbwa pia. Ila kikao hicho kina mtaalamu, kina hatua ndogondogo, na zaidi ya yote kina mtu aliyekubali kwa hiari yake kuwa pale. Aliyekuja kwako kula pilau hajakubali chochote. Kumwachia mbwa amrukie halafu ukaita tiba ni sawa na kumsukuma mtu kisimani ukasema unamfundisha kuogelea.

Muhula uliopita, katika somo moja la shahada ya uzamili, tuligawanywa makundi ya watu watano. Mwenzetu mmoja alijitolea nyumba yao kwa vikao, nasi tukafurahi kwa sababu kuna intaneti na jenereta. Kuna na German Shepherd. Dada mmoja wa kundi letu, mtu wa Tanga, alifika getini, akamwona mbwa yuko huru uani, akaomba afungwe. Akajibiwa: "Ingia tu, dakika tano utamzoea." Alisimama nje kwa muda, akarudi zake kituoni. Vikao vilivyofuata alishiriki kwa simu, sauti ikikatikakatika, mpaka wengine wakachoka kumrudia. Mwisho wa muhula mwalimu alitaka kila mmoja awape wenzake alama za ushiriki. Baadhi walimpa 4 kati ya 10.

Niligombana nao kwenye kundi la WhatsApp, nikaambiwa nakuza mambo, eti yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kutokuja. Nataka mtu anieleze alichagua nini. Nyumba ile ina vyumba vitano na kila chumba kina mlango. Mlango mmoja ungefungwa saa mbili kwa wiki, dada yule angepata alama zake. Waliona rahisi zaidi kumpunguzia mtu alama kuliko kumwondoa mbwa uani.

Mwenye nyumba alikuwa na jibu lingine, na alilitoa kwa kujiamini sana: "Kwani dini yenu si inaruhusu mbwa wa ulinzi?" Inaruhusu, ndiyo. Lakini katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wamaliki wana rai tofauti. Kwao mbwa aliye hai ni tohara. Wanazuoni wamelijadili jambo hilo kwa karne nyingi na wataendelea. Si la kutolewa fatwa na mwenye mbwa, getini, kwa mtu anayefikiria ataswali vipi adhuhuri na gauni lililolambwa. Tena hapa kuna jambo tunalolichanganya kila siku: mtu anaweza asimwogope mbwa hata kidogo na bado asitake kuguswa naye. Hiyo inatosha. Hadaiwi maelezo.

Sasa tuje kwenye lile ambalo wenye mbwa hatupendi kulisema. Mbwa wetu wa mjini wanajua tabaka. Prado ikipiga honi, geti linafunguliwa, mbwa anatikisa mkia. Mama wa mchicha akipiga hodi, mbwa anataka kuruka ukuta. Vivyo hivyo kwa fundi bomba, kijana wa mkokoteni wa maji, na anayekuja kubadilisha mtungi wa gesi. Mwenyeji anacheka: "Huyu mbwa hapendi watu wa ovyo ovyo." Mbwa hajui thamani ya viatu. Amesoma kwetu. Ameona nani anaingia kwa vicheko na nani anasimamishwa getini akichunguzwa kuanzia juu mpaka chini, sauti zetu zinapobadilika na mikono yetu inapokaza kamba. Na dada wa kazi, ambaye pengine anaogopa kuliko wote, hakuna anayemuuliza. Yeye ndiye anayepewa sufuria ya chakula apeleke bandani.

Hili si jipya. Oktoba 1959, Kenya ikiwa bado chini ya Waingereza, mtu mmoja jijini Nairobi aitwaye Kamawe Musunge aliwarushia mawe mbwa wa Mzungu Peter Poole ili kujikinga nao. Poole alimpiga risasi akamwua. Alihukumiwa, akanyongwa Agosti 1960, na anakumbukwa kama Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumwua Mwafrika. Simfananishi mwenye German Shepherd wa kundi letu na Poole. Mtu yule hata nzi anamwonea huruma. Nasema tu kwamba katika sehemu hii ya dunia, mbwa wa getini aliletwa kuwa upande wa mwenye nyumba dhidi ya anayepita kwa miguu, na wapitao kwa miguu hawajasahau. Ukimwona fundi ameokota kokoto kabla hajagonga, jua ameipokea kokoto hiyo kwa baba yake.

"Lakini hapa ni kwangu." Naam, ni kwako. Ndiyo maana ukaitwa mwenyeji. Wazee waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone hawakuongeza "akishamzoea mbwa."

Kazi yenyewe si kubwa, na nashangaa tunavyoililia. Nikimwalika mtu kwa mara ya kwanza, kwenye ujumbe uleule wa kumwelekeza njia naandika: "Kwangu kuna mbwa, nitakuwa nimemfungia." Simuulizi kama anaogopa, maana ukimuuliza mtu mzima swali hilo, hasa mwanamume, atajibu haogopi, kisha utamwona anavyotembea. Siku ya wageni namtembeza Jeki alfajiri mpaka achoke. Robo saa kabla ya muda namwingiza chumba cha nyuma na mfupa wa ng'ombe na bakuli la maji, nageuza ufunguo, nautia mfukoni, kwa sababu watoto wa jirani hupenda kumfungulia. Geti hufunguliwa baada ya hapo. Nafagia manyoya, nabadilisha vitambaa vya makochi. Mkeka wa kuswalia uko chumbani kwa dada yangu, ambako Jeki hajawahi kukanyaga.

Kwa wageni wa ghafla ilinichukua miezi kama miwili, na dagaa wengi. Kila nilipogonga geti mwenyewe nilisema "mahali pako", na Jeki alipokwenda kwenye gunia lake nyuma ya jiko alipata dagaa. Sasa akisikia hodi anakwenda, huku akinung'unika, nami nafunga mlango wa jikoni. Mnyororo getini siushauri. Mbwa anayefungwa kwenye njia ya wapitao hubweka mchana kutwa kwa watu asioweza kuwafikia wala kuwakimbia, na kila siku anazidi kuwa mkali. Mgeni naye anapita akipima kwa macho urefu wa mnyororo. Halafu chanjo. Jeki huchanjwa kila mwaka na kadi yake ipo, lakini simpungii mgeni kadi usoni kama pasipoti ili aache kuogopa. Chanjo ni wajibu wangu kwa mtaa mzima, haininunulii ruhusa ya kumwachia mbwa.

Mara chache mgeni huomba mwenyewe kumwona. Basi namleta kwa kamba, mgeni akiwa ameketi, mbali kidogo, na namwambia asimkodolee macho. Akisema basi, ni basi. Simwongezei "subiri kidogo, ona anavyokupenda."

Mama mdogo ameshalala kwangu mara tatu na hajawahi kuuona uso wa Jeki. Akishuka Mbezi kwenye basi hupiga simu: "Mwanangu, umeshamfunga?" Nami hujibu: "Nimemfunga, mama, shikamoo." Anacheka, anaitikia marahaba, anapanda bajaji. Rafiki zangu wanasema namwonea mbwa. Saa tatu chumbani na mfupa! Wanasema atajisikia ametengwa, na wengine wamesoma mahali kwamba mbwa hupata msongo wa mawazo. Basi siku moja waje wafungue mlango ule baada ya wageni kuondoka. Kwa kawaida namkuta amelala chali, miguu minne juu, mfupa uko chini ya kitanda, na inanibidi nimwite mara mbili ndipo aamke.