KIDHIBITI MWENDO, NA SERIKALI ISIYODHIBITI KAULI YAKE

Sheria isiyojulikana itaanza lini, itamshika nani na itadumu mpaka lini, hiyo si sheria. Ni tangazo tu. Na matangazo hayajapata kuzuia damu isimwagike barabarani. Neno hili ndilo tulitakalo kulisema leo mbele ya wanachama wetu, kwa kuwa majirani zetu wa Kenya, kwa muda uliopita miaka ishirini, wamekuwa wakilikamata na kuliachia jambo moja tu: kutia vidhibiti mwendo ndani ya gari za abiria. Funzo lililopatikana huko latuhusu sisi kama liwahusuvyo wao.

Latuhusu kwa nini, ilhali sisi ni watu wa visiwani na barabara zetu ni fupi? Kwanza, kila siku watu wetu wavuka bahari. Mgonjwa afuata hospitali, mwanafunzi afuata chuo, mfanya biashara afuata mali. Na kila ashukaye chomboni huiweka roho yake mkononi mwa dereva asiyemjua. Pili, usafiri wa barabara si katika mambo ya Muungano. Umo mikononi mwa Serikali yetu ya Visiwani, na siku tutakapoletewa sheria ya namna hii hatuna budi tuwe tumekwisha kujua wenzetu walijikwaa wapi.

Tukieleze kwanza chombo chenyewe, maana watu wengi hukitaja bila ya kukijua. Kidhibiti mwendo ni chombo kidogo kifungwacho garini, kazi yake kuusoma mwendo wa gari. Mwendo ukifikia kipimo kilichowekwa, hupunguza mafuta yaendayo kwenye injini, na dereva hata akikanyaga kwa nguvu zake zote, gari haizidi. Kikisha kufungwa hutiwa lakiri ili asikichezee mtu. Basi ni hayo tu. Hakina siri, wala hakina uchawi.

Wako wasemao kuwa kilomita 80 kwa saa na kilomita 100 ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Nguvu ya pigo la gari haipandi sawasawa na mwendo wake: mwendo ukiwa mara mbili, pigo huwa mara nne. Gari iendayo 100 hupiga kwa nguvu iliyopita mara moja na nusu ya ile iendayo 80. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kuwa mwendo wa wastani ukizidi kwa 1 kwa mia, khatari ya ajali ya kuua huzidi kwa 4 kwa mia. Na shirika hilo lilikisia kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni katika mwaka 2021.

Sasa na tupige hesabu ya dukani, tuione faida. Kutoka Mombasa hata Nairobi ni kama kilomita 480. Kwa mwendo wa 80 ni saa 6. Kwa mwendo wa 100 ni saa 4 na dakika 48. Faida yote ni saa 1 na dakika 12, na hiyo ni kama njia nzima i nyeupe, hapana mji, hapana mzani wa malori, hapana foleni. Mfanya biashara gani mwenye akili aweka rasilimali ya roho 50 kwa faida ya saa moja?

Kenya ililiona hilo mapema. Mwezi wa Oktoba 2003 Waziri wa Uchukuzi, marehemu Bwana John Michuki, alitoa kanuni ambazo mpaka leo zaitwa kwa jina lake. Gari za abiria, na gari nzito za mizigo, zilitakiwa zifungwe kidhibiti kisichopita kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda. Matatu zipigwe mstari wa manjano. Dereva na kondakta wavae sare. Wenye gari walipiga makelele, lakini ilipoingia Februari 2004 Waziri hakurudi nyuma. Gari zisizotimiza sharti zilikaa nje ya barabara, na watu wakenda makazini kwa miguu. Kisha gari zikarudi moja moja, zimefungwa vidhibiti na mikanda, na abiria wakaonja kusafiri kama wanaadamu, si kama magunia ya mbata.

Kisha ikawaje? Waziri alihamishiwa wizara nyingine. Macho ya askari yakalegea, na lakiri zikakatwa. Mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya kuunda mamlaka mpya ya usafiri na usalama barabarani, NTSA. Mwaka 2014 zikaja kanuni nyingine za gari za abiria. Mwaka 2018 kikatakiwa chombo cha namna mpya, chenye kuandika mwendo wa gari na kupeleka khabari kwa wakuu. Na aliyekwisha kununua kile cha kwanza akaambiwa hakifai tena. Tarehe 12 Novemba 2018 ukaanza msako kwa kishindo, matatu nyingi zikajificha, na watu wa Nairobi wakatembea tena kwa miguu kama walivyotembea mwaka 2004. Miaka 14 imepita, na sheria ile ile yaanza alifu kwa ujiti! Na katika mwaka 2023 na mwaka 2024, waliouawa katika barabara za Kenya walipita 4,000 kila mwaka.

Hatusemi kuwa wote hao wameuawa na kukosekana kidhibiti. Wengi wao walikuwa waenda kwa miguu, nao huuawa na mambo mengi. Tusemalo ni kuwa dawa hii haikupata kunywewa ikamalizika, seuze ihukumiwe kuwa haifai.

Tumchukue Zaid na tumchukue Amru, kama wafanyavyo walimu wetu wa nahau. Zaid alitii siku ya kwanza. Alinunua chombo, akamlipa fundi, akenda kilomita 80. Amru alisema moyoni, "Hii nayo itapita." Alifunga chombo kibovu, akaweka swichi ya siri chini ya kiti, akawa humpita Zaid njiani na kumnyang'anya abiria wake. Kanuni zilipobadilika, Zaid alilipa mara ya pili. Amru alilipa mara moja, au hakulipa kabisa. Je, sheria ikija mara ya tatu, Zaid atafanya nini? Atakuwa Amru! Hii ndiyo khasara kubwa ya Serikali yenye kigeugeu: haimtii adabu mwovu, na humharibu aliye mwema.

Wala ugonjwa huu si wa Kenya peke yake. Katika Marekani, nchi yenye kila chombo, maombi ya kuyadhibiti malori makubwa yalipelekwa serikalini mwaka 2006. Rasimu ya kanuni ikatoka mwaka 2016, nayo ikataja maili 60, 65 na 68 kwa saa bila ya kuchagua hata moja. Mwaka 2025 rasimu yenyewe ikaondolewa. Miaka 19, na mwenye lori hakuwa akijua anunue au asinunue! Ulaya walikwenda njia nyingine. Amri yao ya mwaka 1992 iliweka kilomita 90 kwa malori mazito na 100 kwa mabasi makubwa, na baadaye wakaipanua iingie gari ndogo zaidi, hawakuitangua. Tangu Julai 2024 kila motokaa mpya iuzwayo katika Umoja wa Ulaya yatakiwa iwe na chombo kinachokijua kiwango cha mwendo cha mahali gari ilipo, kwa kamera isomayo vibao au kwa ramani na setilaiti, kikamwonya dereva au kikapunguza nguvu. Dereva aweza kukishinda kwa kukanyaga, na aweza kukizima. Lakini kila awashapo gari, chombo huanza tena. Wako wanaokilaumu, lakini hapana asiyejua sheria yasemaje na ilianza lini.

Si haki tukayanyamazia maneno ya madereva, maana wana hoja. Wasema kuwa basi la kilomita 80 likitaka kulipita lori la kilomita 75, hukaa ubavuni mwake muda mrefu. Ni kweli. Tukifanya kuwa basi lahitaji kupata mita 60 juu ya lori, litachukua kama sekunde 43, na katika muda huo litakuwa limekwenda karibu kilomita nzima upande wa watu wengine. Jawabu yetu ni kuwa kwa tofauti ndogo kama hiyo, kupita hakuna maana. Na apitaye hapo hapiti kwa haja, bali kwa tamaa. Hoja ya pili ina nguvu zaidi: chombo kinachojua 80 tu hakijui kijiji, wala hakijui skuli. Mahali panapotakiwa kilomita 50, dereva aweza kwenda 80 na lakiri yake ikawa salama. Kwa hivyo kidhibiti hakiondoi haja ya askari, wala haja ya kibao.

Kwa upande wa Bara, mamlaka iitwayo LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hufuatilia mabasi kwa chombo kiitwacho VTS. Hicho hakimshiki dereva mguu, humshitaki. Ni chombo chema, lakini mashitaka yasiyosomwa na mtu ni karatasi tupu. Na chini ya yote hayo lipo jambo ambalo chombo hakiligusi: dereva aliyetakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu maalumu kila jioni hukimbizwa na hesabu ile kabla hajakimbia yeye. Mdhibiti gari bila ya kumdhibiti mwenye gari ameushika mkia akaacha kichwa.

Sisi twakitaka kidhibiti, lakini kije kwa njia ya mizani. Mizani ya duka ina kipimo kimoja kwa tajiri na maskini. Hupimwa na Serikali, hupigwa chapa, na mwenye duka hana rukhsa ya kuchagua ratili yake. Hakuna anayeamka asubuhi akauliza leo kilo ni gramu ngapi. Basi sheria ya mwendo nayo iwe hivyo. Kipimo cha chombo kitajwe, na kikisha kutajwa kisibadilishwe kwa aliyekwisha kununua mpaka chombo chake kimalize umri wake. Siku ya kuanza itajwe mapema, na ikifika isisogezwe. Bei isiachwe mikononi mwa muuzaji mmoja au wawili. Mkaguzi awe na jina na zamu, ili lakiri ikikatwa ijulikane ilikaguliwa na nani. Na gari za Serikali na za wakubwa zifungwe mwanzo, ili mnyonge aone kuwa msumeno wakata mbele na nyuma.

Wanachama wetu wasingoje. Apandaye gari na amwulize dereva kidhibiti kiko wapi. Akionana na Mwakilishi wake na amwulize mambo matatu: kipimo gani, siku gani, na nani atakagua. Akijibiwa kwa hotuba, ajue kuwa hajajibiwa. Dereva tumemtaka asizidi 80. Na Serikali twaitaka isizidi neno moja, na neno hilo iliseme likasimama.