Hoja Haitiwi Nguvu kwa Makelele

Wiki hii safu inapanda mlima. Tunashuka basi pale Mombo, tunadandia gari jingine, kona juu ya kona mpaka Soni, halafu Lushoto kwenyewe, baridi ya kuvaa koti mchana kweupe. Lakini usidhani tumekuja kula upepo wa Irente. Tuna kazi.

Kazi yenyewe ni ya mpwa wangu. Binti ana digrii moja kibindoni na anataka kwenda kusoma sheria Marekani. Kule mtu hatoki kidato cha sita akaingia sheria moja kwa moja kama hapa kwetu. Anamaliza kwanza digrii nyingine, ndipo anasoma sheria miaka mitatu. Na vyuo vingi vinataka uwe umefanya mtihani uitwao LSAT. Ada yake inazidi dola 200, na dada yangu ameitoa kwenye fedha za viazi. Bahati nasibu hapa hatuchezi!

Mtihani huo umebadilika. Tangu Agosti 2024 yale mafumbo ya nani akae kiti gani yameondolewa. Mafungu yanayohesabiwa alama ni matatu, dakika 35 kila moja, na mawili kati yake ni ya kupima hoja. Sasa humo ndimo binti anamokwama, hasa kwenye maswali ya kuimarisha hoja. Unapewa hoja fupi na majibu matano, unaulizwa: lipi, likiwa kweli, linaipa hoja hii nguvu zaidi?

"Mjomba, mbona yote yanaonekana sawasawa?" alinilalamikia.

Hayako sawa. Tatizo ni kukimbilia majibu kabla hujajua hoja inavuja wapi. Kila hoja ina sababu na ina hitimisho, na katikati kuna korongo ambalo msemaji ameliruka kimyakimya. Litafute hilo kwanza. Jibu zuri ndilo linaloliziba.

Tuchukue mfano wa kishambani. Mtu anasema: "Mzee alichimba matuta mwaka huu, na kabichi zake zimekuwa kubwa kuliko za mwaka jana. Kwa hiyo matuta ndiyo yaliyozikuza." Majibu ni haya:

A. Kabichi kubwa zinapata bei nzuri Kariakoo.
B. Kuchimba matuta kunataka nguvu nyingi.
C. Mwaka huohuo mzee alianza kutumia samadi.
D. Jirani yake, mwenye udongo, mvua, mbegu na mbolea kama yake, hakuchimba matuta, na kabichi zake hazikuongezeka ukubwa.
E. Wakulima wengi wa Lushoto wanalima kabichi.

Korongo liko wapi? Pengine kuna kitu kingine kilichozikuza kabichi. D inaondoa shaka hiyo, basi chukua D. C ndiyo mtego mkubwa: inagusa jambo lenyewe, lakini inaibomoa hoja. A, B na E zinaweza kuwa kweli tupu, ila hazisemi lolote kuhusu kilichozikuza kabichi.

Na usikatae jibu eti limesema makubwa mno. Swali limekwambia "likiwa kweli", basi likubali hivyohivyo, usianze ubishi. Wala usidai limalize kesi. Kuimarisha ni kusogeza mzani, hata kidogo.

Hoja ikisema "fulani ndiyo sababu", ondoa sababu nyingine. Ikiwa imewauliza watu wachache ikahukumu wote, onyesha kwamba wachache wale wanafanana na wengine. Na ikiwa ni mpango, onyesha kwamba unatekelezeka.

Hili la mpango watu wa milima hii wanalijua kwa machungu. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mradi wa kuokoa udongo kule Mlalo. Hoja yao ilikuwa hivi: udongo unamomonyoka, matuta yanazuia mmomonyoko, kwa hiyo kila mtu achimbe matuta, atake asitake. Sababu zote mbili zilikuwa na ukweli. Lakini nguvu kazi ilitoka wapi? Mashamba yalikuwa madogo, jembe ni la mkono, na sehemu kubwa ya mzigo iliwaangukia akina mama. Wakoloni hawakuziba korongo hilo, wakazidisha amri na adhabu. Watu wakagoma, na mwaka 1957 mradi ukaachwa. Makelele na kiboko havikuwa hoja.

Ndiyo maana nasema somo hili si la mwenda Marekani peke yake. Hapahapa Lushoto kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, wanakosomea vijana watakaoamua kesi zetu. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamtwisha anayedai mzigo wa kuthibitisha. Kesi ya madai inapimwa kwa mizani, upande gani una uwezekano zaidi. Ya jinai mpaka shaka ya maana iishe. Na kwa kuwa tangu 2021 lugha ya mahakama kimsingi ni Kiswahili, kisingizio cha kimombo nacho kimekwisha.

Binti sasa anafunika majibu kwa daftari, anaandika kwanza korongo kwa maneno yake, ndipo anafunua. Anakwenda polepole, lakini kila anachochagua anaweza kukitetea. Spidi itakuja, kama kuendesha gari kwenye kona za Soni.

Haya, na wewe usiondoke mikono mitupu. Mshikaji wako anasema: "Yule mtoto kila Jumapili ananisalimia wa kwanza, kwa hiyo ananizimia." Kabla hujamchangia nauli ya kwenda kujitambulisha, mwulize swali moja tu: na wengine je, anawasalimiaje? Kama ni yeye peke yake, hoja imepata nguvu. Kama mtoto wa watu anasalimia kijiwe kizima, mwambie mshikaji anywe chai, atulie.

Tukutane wiki ijayo!