Jina la Kificho Si Hatia
Hoja kwamba kila anayeandika mtandaoni ajulikane kwa jina na nambari ya kitambulisho, eti asiye na hatia hana la kuficha, haijafika Garissa. Huku kitambulisho chenyewe kilikuwa mtihani: kwa miongo mingi vijana wa Kisomali walipigwa msasa na kamati maalumu wathibitishe Ukenya wao, hadi Rais Ruto alipotangaza Februari 2025 kuwa utaratibu huo umefutwa. Kumziba mtu mdomo mpaka apate kipande ni kumdhulumu mara mbili. Tena, mwaka 2016 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watu waliotoweka Kaskazini Mashariki baada ya kukamatwa na vyombo vya usalama. Jamaa anayesimulia tukio kama hilo mtandaoni anaogopa askari, na anaogopa wapiganaji wa al-Shabaab pia; jina la kificho ndilo kinga yake.

Mtaniambia jina la kificho huzaa matusi na uchochezi wa koo kwa koo. Ni kweli, na yanaumiza. Lakini mahakama yaweza kuamuru mchochezi mmoja afichuliwe kwa ushahidi. Haihitaji orodha ya wote. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, wa Garissa, Wajir na Mandera wakiwemo.